Mstari Katikati ya Ukurasa

*(Juu ya karatasi, kwa kalamu nyekundu: Haikutumwa.)*

Ihanda, Jumamosi 11 Januari 2025
Ukungu mpaka saa tatu asubuhi, kisha jua hafifu. Hakuna mvua.

Wifi yangu Benitha,

Naandika haraka kabla sijabadili nia. Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu wewe na mdogo wangu Cleophace muingiliwe nyumbani na kukimbilia kwenu Mabira. Siku zote hizo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba sijui wale vijana walijuaje nyumba za kuingia. Najua.

Unakumbuka tarehe 10 Desemba, tulipomzika Bibi Nikuze. Zilikuwa zimepita wiki mbili baada ya uchaguzi wa kitongoji. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha mazishi, Tuzikane, kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na kila msiba naandika waliofika, kwa sababu asiyefika kuchimba kaburi la mwenzake lazima aulizwe. Siku ile watu walikaa mafungu mawili. Wa chama kilichoshinda walikaa chini ya mparachichi, wa chama kilichoshindwa wakakaa upande wa zizi. Palipikwa vyungu viwili, na ndizi za huku hazikuliwa na wa kule. Sikuwahi kuona hivyo msibani. Basi nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Wa mparachichi nikawaandika kushoto, wa zizi kulia, kama walivyokaa. Nilidhani naandika aibu yetu, ili siku moja tuisome tuone haya.

Kushoto majina thelathini na nane. Kulia ishirini na sita. Cleophace ni wa tatu kulia.

Tarehe 14 mwenyekiti mpya, Ndyamukama, alikuja kwangu akataka kitabu ahakiki mahudhurio. Wakati ule ilikuwa inasemwa kwamba walioshindwa wanakusanya saini za kupinga matokeo. Nilisikia, lakini sikuunganisha. Alifungua kitabu akasema, "Mama Vero, mwandiko wako kama wa mashine." Nilifurahi. Naandika kwa sababu ndiyo kweli: nilifurahi. Nikampa.

Alikirudisha tarehe 18. Tarehe 20 ziliingiliwa nyumba nne, watu wakapigwa. Nilifungua ukurasa baada ya kumfukia ng'ombe wenu aliyekatwa miguu, nikaweka kidole kwenye majina. La kwanza kulia, la pili, la tatu, la nne. Hawakuruka hata moja. Walifuata mpangilio wangu.

Polisi walipokuja kuuliza, nilikuwa nimesimama pale pale na kitabu kwapani, nikanyamaza. Watu wamemtaja Edgar, rafiki wa mdogo wangu, kwamba ndiye aliyetoa majina, nami nikanyamaza tena.

Fidele wa bodaboda anapita kesho kwenda Kaisho na Mabira. Nitampa barua hii.

Adelgunda

*(Nimeongeza asubuhi: nililala saa saba na dakika kumi usiku.)*

*

Ihanda, Jumapili 12 Januari 2025
Mawingu, upepo kidogo kutoka milimani.

Wifi yangu Benitha,

Salamu nyingi kwako, kwa Cleophace na kwa mwanetu Edith. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu siku hizi ninachosema kwenye simu asubuhi, jioni nakisikia dukani. Sauti ya Benadeta akilia usiku ule ilirekodiwa na kuzungushwa kwenye makundi yote mawili ya simu, la wale na la hawa, na kila kundi lilicheka mahali pake.

Kibanja chenu, nyumba na migomba yake, nakiangalia. Nimeondoa majani makavu kwenye migomba ya mbele. Mbuzi wawili nimewahamishia kwangu. Kuku mmoja hakuonekana.

Nieleze kichwa cha mdogo wangu kinaendeleaje. Hospitali walimtaka arudi apimwe tena, naomba usiache hilo.

Huku hakuna jipya.

Wako,
Adelgunda

*

Mabira, 26 Januari 2025

Wifi shikamoo,

Barua yako nimeipata, Fidele aliikunja mpaka ikawa kama tumbaku. Sisi tupo. Tunalala sita chumba kimoja. Mama yangu anasema nilitoka hapa na sanduku moja la mahari na nimerudi na mume mgonjwa, kwa hiyo hesabu yangu inakua. Ndivyo anavyotania, usimchukulie vibaya.

Cleophace mbavu zimepona. Kichwa ndicho. Mchana anasema mwanga unamchoma, anafunikwa kitenge usoni. Hospitali hataki. Anasema barabara ya kwenda huko inapita kwa watu ambao hajui wako upande gani. Nilimwambia wagonjwa hawana upande, akaniuliza, "Na maiti je? Si tulikaa mafungu mawili mbele ya maiti ya Bibi Nikuze?"

Sasa lile la Edgar. Wifi, mimi nimeshajua na huna haja ya kunificha eti usiniumize. Edgar alihama chama chetu mwezi wa tisa, akavaa fulana ya wenzake. Halafu siku ya Bibi Nikuze akaja kukaa na sisi upande wa zizi, anacheka, anagawa kahawa za kutafuna, kama hakuna kitu. Alikuja kuhesabu vichwa. Nyumba nne zikaingiliwa, yake haikuguswa. Mtu aliyekula kwangu tangu harusi yangu. Yeye ndiye aliyepima kaburi la baba mkwe kwa mwanzi wake.

Nimesikia vijana wa upande wetu wamekasirika. Mimi sijamtuma mtu. Lakini sijamkataza mtu pia. Ukisikia Edgar amepata shida shambani, usije kunililia mimi.

Edith anauliza mbuzi wake mweupe.

Benitha

*

Ihanda, Jumapili 9 Februari 2025
Jua kali tangu asubuhi. Majani ya maharage yameanza kujikunja.

Wifi yangu,

Mbuzi mweupe yupo, ana mimba. Mwambie Edith.

Usiku wa kuamkia Alhamisi walifyeka kibanja cha Edgar. Nilienda asubuhi. Harufu ya utomvu ilinipokea kabla sijafika kwenye ua. Migomba imekatwa usawa wa goti, mikungu michanga imelala chini, na mashina bado yalikuwa yanatoa maji. Edgar alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Shikamoo, Mama Vero."

"Marahaba. Pole, baba."

"Umekuja kuhesabu?"

"Nimekuja kukupa pole."

"Hesabu tu. Usipohesabu wewe, kufika Jumapili watasema ilikuwa miwili, na kwamba niliikata mwenyewe nipate huruma."

Nikahesabu. Migomba arobaini na mitatu, mibuni tisa. Unajua, wifi, kwetu huku mtu akitaka kukuua polepole ndivyo anavyofanya. Mvunja nyumba anakuacha na shamba. Huyu anakuacha na nyumba uitazame njaa kutoka dirishani.

Akaniambia hivi, nami nimeandika nilipofika nyumbani, neno kwa neno: "Nilihama chama cha Cleophace kwa sababu nilichoka kushindwa. Sikuhama kwa Cleophace. Siku ya Bibi Nikuze nikakaa naye kwa sababu ni rafiki yangu. Sasa wale wananiona sijaja kamili, na hawa wananiona mpelelezi. Mama Vero, wewe ndiye unayeandika. Kwenye kitabu chako mimi niliandikwa wapi?"

Nilimwambia sikumbuki. Ni wa kumi na moja kulia.

Nilirudi nikafungua daftari langu la kila siku nitafute siku tulipoanza kuachana. Nilitaka kuipata kama mtu anavyotafuta tundu la panya ili azibe. Tarehe 8 Agosti, Kaijage muuza duka alibandika picha ya mgombea mlangoni. Tarehe 12 watu sita walianza kununua chumvi duka la mbali. Tarehe 1 Septemba kwaya iligoma kuimba pamoja kwa sababu ya rangi za vitambaa vya kichwa. Tarehe 19, Cleophace mwenyewe aliwaita wale wengine "walamba sahani" mbele ya watoto, na mimi nilicheka, nimeandika kwamba nilicheka. Tarehe 4 Oktoba miche ya kahawa iligawiwa, ikasemwa waliopata ni wa chama. Nilikagua. Waliokosa walikuwa wa pande zote mbili, ila hakuna aliyetaka kusikia kwamba kulikuwa na miche michache tu. Mwezi wa kumi na moja senene walikuja wengi kuliko miaka mitatu iliyopita, na kwa mara ya kwanza hakuna jirani aliyeniletea bakuli, wala mimi sikupeleka.

Siku yenyewe ya mwanzo sikuipata. Zilikuwa ndogo ndogo, na mimi nilikuwepo karibu zote.

Wifi, nakuomba uwaambie vijana wenu waache. Huenda si Edgar.

Wako,
Adelgunda

*

Mabira, 17 Februari 2025

Wifi shikamoo,

Unajuaje si Edgar? Kama unajua mwingine, mtaje. Kama hujui, usinifanye nimwonee huruma mtu huku namwosha mume wangu kama mtoto.

Cleophace hali tena. Uji vijiko vitatu, basi. Juzi alimwita Edith kwa jina la marehemu mama yenu. Lakini jana jioni alikuwa na akili timamu kabisa, tukaongea mpaka nikafikiri amepona. Alisema mambo mawili.

La kwanza, akifa arudishwe Ihanda, kwenye kibanja, ubavuni kwa baba yake. Nikamwambia nani atakuchimbia, Tuzikane imekuwa mbili, na kila moja inasema itazika wa kwake. Akasema, "Niwekeni tu pale. Watachimba wakichoka kuona aibu."

La pili sikulielewa, naandika kama alivyosema: "Muulize dada kitabu cha Tuzikane kiko wapi, na kama kiliwahi kutoka mkononi mwake."

Nijibu, maana ameniuliza mara mbili leo kama Fidele ameshapita.

Benitha

*

Ihanda, Alhamisi 20 Februari 2025
Mawingu mazito, hayakunyesha.

Wifi yangu,

Mwambie mdogo wangu kitabu kipo kwangu, kabatini, salama. Asijisumbue na mambo ya kikundi, ajiuguze.

Namtumia asali na ndizi za kuiva. Kichwa kikizidi, usimsikilize, mpelekeni hospitali.

Adelgunda

*

Mabira, 25 Februari 2025, saa mbili asubuhi

Wifi,

Kaka yangu amekupigia alfajiri, kwa hiyo umeshajua. Cleophace ametutoka saa kumi usiku. Haya mengine sitaki yasemwe kwenye simu, ndiyo maana nimemwamsha Fidele. Anakuja moja kwa moja, hasimami Kaisho.

Barua yako ya asali nilimsomea Jumamosi. Nilipofika pale "kipo kwangu, salama", akanyoosha mkono nimpe karatasi. Aliitazama sana, na mwanga ulivyokuwa unamwumiza. Kisha akasema, "Mwambie dada aje aniambie kwa mdomo." Nikasema aje akuambie nini? Akageukia ukutani. Jumapili nilitaka kukuandikia, Fidele hakupita. Jana hakusema tena kitu.

Sasa nisikilize. Wazee wa huku wanasema azikwe hapa Mabira, nguvu ya kuchimba wanayo na hawataniuliza nina kadi gani. Yeye alitaka kwa baba yake. Mimi nitamleta kwa sharti moja, kwamba kabla gari halijaondoka hapa, watu wa kitongoji, wote, wa huku na wa kule, wawe wameambiwa wazi ni Edgar aliyetoa majina. Na Edgar asishike jembe wala mwanzi. Mtu aliyemwuza mume wangu hatampima urefu.

Nijibu leo leo. Fidele nimemwambia akungoje hata kama ni usiku. Nikikosa jibu, keshokutwa tunazika hapa.

Benitha

*

Ihanda, Jumanne 25 Februari 2025
Asubuhi ukungu mzito, mgomba wa tatu kutoka mlangoni haukuonekana.

Benitha,

Pamoja na hii utakuta barua nyingine. Soma ile kwanza. Tarehe yake ni 11 Januari na sijaibadilisha.

Sasa umeshasoma. Majina yalitoka kwenye kitabu changu. Edgar hakutoa hata moja. Cleophace alilijua hilo, au alilihisi, na alinipa nafasi, nami nikamjibu kuhusu kabati. Kutoka hapa hadi kwenu kwa pikipiki ni asubuhi moja. Sikuja.

Sharti lako nimelitimiza kwa namna nyingine. Nikueleze ilivyokuwa.

Saa tano nilienda kwa Edgar, nikamwambia akiwa amesimama. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Tangu lini ulijua?" Nikasema tangu kabla migomba yako haijakatwa. Akaingia ndani akafunga mlango.

Saa tisa nikawaita Tuzikane zote mbili uani kwa baba. Walikuja kwa sababu ya msiba, wakakaa tena mafungu mawili. Nikasimama katikati na kitabu. Nikafungua ukurasa wa tarehe 10 Desemba, nikasoma majina ya kushoto, nikasoma ya kulia, nikaeleza mstari niliupiga kwa nini, nikaeleza kitabu kilitoka lini, kwenda kwa nani, kikarudi lini. Nikasema nyumba nne na mpangilio wake. Nikasema migomba arobaini na mitatu imekatwa kwa sababu nilinyamaza.

Ndyamukama alikuwepo. Akasema, "Kitabu ni cha kikundi, na mimi ni mwanakikundi. Kusoma nako ni kosa?"

Upande wake wakaguna.

Benadeta, yule wa nyumba ya nne, akaniambia, "Mama Vero, ulituandika kama mbuzi wa mnadani. Huyu wa huku, huyu wa kule."

Nikasema, "Mlikaa hivyo."

"Tulikaa, ndiyo. Tungesimama, tungeondoka, ingekwisha. Wewe ukaifanya ikae."

Kaijage wa duka, ambaye ni wa upande wa pili na Benadeta hajanunua kwake hata kiberiti tangu Agosti, akasema, "Dada huyu kasema kweli. Mama Vero afutwe Tuzikane."

Wakapiga kura ya mikono. Nilihesabu kwa mazoea. Hamsini na tisa. Tangu Novemba hiyo ndiyo mara ya kwanza mikono ya mparachichi na ya zizi kuinuka pamoja, na iliinuka kunitoa mimi. Unajua maana yake. Siku yangu ikifika hakuna jirani atakayekuja na jembe.

Kisha kila mtu akatazama kama mwenzake atasema lile la kumzika Cleophace. Edgar alikuwa amekuja, nyuma kabisa, na mwanzi wake wa kupimia. Akasema, "Cleophace nitampima. Kama mjane wake atakubali." Halafu akanitazama mimi. "Wewe, sijui."

Sikuombi unisamehe, hilo ni lako na utalishughulikia ukipenda. Nakuomba umlete. Fidele anangoja mlangoni.

Adelgunda

*

Mabira, 26 Februari 2025

Adelgunda,

Nimesoma zote mbili. Tarehe nimeziona.

Tunamleta kesho, tutafika saa nne. Ni kwa sababu yeye alisema azikwe kwa baba yake, si kwa sababu yako. Edgar apime. Mwambie nitasema naye mwenyewe.

Wamekufuta wewe, na Ndyamukama wamemwacha na kiti chake. Wameokota lililokuwa karibu na mkono.

Usitupikie.

Benitha

*

Ihanda, Jumapili 2 Machi 2025
Mvua ya kwanza ya masika tangu saa kumi na moja alfajiri. Imekatika saa nne.

Benitha,

Hii si lazima uijibu. Uliyaona mwenyewe ya Alhamisi, lakini nayaandika nilivyoyaona mimi kutoka nilipokaa, kwa sababu Edith siku moja atauliza, na atakayemjibu asiwe na hadithi mbili.

Gari lilifika saa nne na robo. Edgar alikuwa ameshapima na kuchomeka vijiti vinne ubavuni kwa baba. Walikuja wachimbaji kumi na saba, tisa wa huku, wanane wa kule. Walikuwa wamesimama na majembe na hakuna aliyeanza, kila upande ukingoja mwingine usije ukaonekana umetumwa. Ndyamukama alikuwa kwenye kiti, kwa kuwa mwenyekiti hachimbi.

Wewe uliposhuka ukasema jeneza lisishushwe, mwinjilisti alikusogelea akunong'oneze. Ukasema kwa sauti, "Sina siri, baba mwinjilisti. Mume wangu atashuka kwenye gari mwenyekiti akishuka shimoni."

Mtu mmoja akacheka, nadhani kwa hofu. Ndyamukama akasema ana mgongo. Ukasema, "Cleophace alikuwa na kichwa."

Nilitazama saa yangu. Dakika sita hakuna jembe lililoinuliwa. Niliwaangalia wa kushoto, nikingoja wamtetee, na hawakumtetea. Niliwaangalia wa kulia, nikingoja wazomee, na hawakuzomea. Nikaogopa kwamba watainuka waondoke na utabaki na jeneza juani. Kisha Edgar akachukua jembe lake mwenyewe, akalishika kwenye chuma, akamwelekezea mpini. Ndyamukama akavua koti, akatafuta pa kuliweka, hakuna aliyelipokea, akaliweka chini kwenye majani. Akaingia kati ya vijiti vinne akachimba peke yake mpaka udongo ukamfika kwenye magoti. Wa kwanza kushuka kumsaidia alikuwa mume wa Benadeta, aliyevunjwa mkono tarehe 20 Desemba. Alichimba kwa mkono mmoja. Baada ya hapo sikuweza kujua nani ni wa upande gani, kwa sababu wote walikuwa na udongo.

Sitaki kupamba. Chakula kilipokuja vyungu vilikuwa viwili bado. Walikula mafungu mawili. Kaijage alipitisha chumvi yake kule, ikapokelewa, ikarudishwa, hakuna aliyesema asante. Ndyamukama aliondoka kabla ya sala ya mwisho na bado ni mwenyekiti.

Ya baada ya ninyi kuondoka: Benadeta amechaguliwa katibu. Alikuja jana kuchukua kitabu. Walikuwa wanataka ukurasa wa Bibi Nikuze uchanwe, Edgar akakataa. Alisema, "Ukichanwa, kesho tutaapa hatukukaa hivyo." Kwa hiyo upo. Benadeta ameandika mazishi ya Cleophace ukurasa unaofuata, orodha moja, wamechanganyika, kwa jinsi walivyofika langoni. Mwandiko wake unapanda mlima. Aliniuliza mimi aniandike wapi. Nikamwambia mimi si mwanakikundi. Akafikiri, akaandika chini kabisa, chini ya mstari wa mwisho: "Dada wa marehemu, alikuwepo."

Edgar amepata machipukizi kumi na mawili ya migomba. Mengine yametoka kwa wale wale waliokata, nadhani, maana yalikutwa yameegeshwa uani kwake alfajiri bila mwenyewe. Mimi nilipeleka matatu mchana, mbele ya watu. Aliyapokea mawili.

Mbuzi mweupe amezaa, jike. Nitampa Fidele amlete akiacha kunyonya. Mwambie Edith amchagulie jina.

Jambo la mwisho. Alhamisi ulipokuwa unaingia kwenye gari nilikuletea kijikapu cha kahawa za kutafuna, kama anavyopewa kila anayetoka nyumbani kwetu. Nilijua unaweza kuugeuza uso mbele ya wote, na ungekuwa na haki. Ulichukua mbili. Hukutia mdomoni. Ulizifunga kwenye pembe ya kitenge, fundo dogo, ukakaza kwa meno, ukapanda gari.

Sijui kama umezitafuna au umezitupa Kaisho njiani. Sitauliza. Nimeandika tu kwamba ulizichukua.

Adelgunda

*(Nimeongeza asubuhi ya Jumatatu: nililala saa kumi na dakika tano usiku, saa ile aliyokufa.)*